Hapajulikani na Nani?

Kila Alhamisi jioni kwenye grupu letu la WhatsApp lazima mtu atupe video. Huanza vilevile: gari linateleza kwenye lami, muziki wa polepole, mkono wa mtu unachezea upepo nje ya dirisha, kisha sauti inatuambia kwamba watu wengi hawapajui mahali hapa. Droni inapaa. Mlima, ziwa, mwamba, gofu la zamani. Msee mmoja amesimama ukingoni ametupa mgongo, kofia kichwani, anatazama mbali kama mtu anayesubiri matatu ambayo haiji. Halafu bei: mafuta, kiingilio, chumba cha watu wawili, nyama. Dakika moja na nusu, umemalizana na kaunti nzima.

Mimi huzitazama zote. Nasema mapema usije ukadhani nimekuja hapa kuwacheka watu wanaojitafutia. Nililelewa Umoja, na kwetu neno safari lilikuwa na maana mbili tu: kwenda ushago Desemba, au kwenda mazishi. Mbuga, ngome na maziwa vilikuwa vitu vya wageni wenye kaki na kofia pana, sisi tuliviona kwenye kalenda ukutani. Hizi safari za gari za wikendi ndizo zilizovunja mambo hayo. Watu wanne wanachanga mafuta, wanaazima Vitz, wanaenda Olorgesailie kuona mashoka ya mawe ya watu wa kale, au wanafika Migori kuona Thimlich Ohinga, zile kuta ndefu za mawe zilizopangwa bila saruji, ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Shuleni sikuwahi kulisikia jina hilo hata siku moja. Nilifundishwa na dada mmoja wa TikTok aliyekuwa akila ndizi huku anatembea.

Kwa hivyo deni lipo. Lakini ukikaa ukafikiria, haya ndiyo maandishi ya safari ambayo rika letu linasoma. Hatusomi vitabu vya wasafiri, tunasoma maelezo chini ya picha na tunasikiliza sauti juu ya video. Hiyo ni fasihi, tena yenye kanuni zake kali kuliko shairi. Na kama ni fasihi, basi isomwe kama fasihi: nani anasimulia, nani amenyamazishwa, na kwa nini kila mtu anatumia maneno yaleyale.

Tuanze na neno "hapajulikani". Kitenzi hicho hakina mtenda. Hapajulikani na nani? Mama anayeuza matikiti pale njia panda anapajua sana, na mtoto wake huchunga mbuzi juu ya hilo gofu. Kinachomaanishwa ni kwamba sisi wa Nairobi hatukuwa tumepajua, na kwa sababu sisi hatukupajua, basi mahali penyewe palikuwa gizani, pakitungoja tuje na simu. Babu zetu walishawahi kufanyiwa mchezo huu na watu waliokuja na ramani. Sasa tunafanyiana wenyewe kwa wenyewe.

Halafu tazama wanavyotumia "huku". Kiswahili kimetupa zawadi ambayo lugha nyingi hazina. Tuna hapa, ambapo unaweza kuweka kidole. Tuna huku, yaani upande huu, eneo lisilo na mipaka. Na tuna humu, ndani. Sikiliza video kumi utakuta zote ni huku: huku ni kutamu, huku kumetulia, huku hakuna watu. Mara mojamoja utasikia hapa, hasa kwa sababu ya picha. Humu sijawahi kulisikia. Hakuna anayeingia ndani.

Haya mambo yalinijia Agosti iliyopita, wakati tuliamua kuachana na Naivasha na kwenda Taveta.

Tulikuwa wanne kwenye Probox ya kuazima. Nairobi hadi Voi ni zaidi ya kilomita 300 za kupumua moshi wa malori, na chai ya Mtito Andei ndiyo inayomwokoa dereva. Pale Voi unakata kulia na dunia inabadilika. Malori yanapungua, lami inanyooka, milima ya Taita inasimama mkono wa kulia kama watu waliokatizwa mazungumzo. Ni kama kilomita 110 hadi Taveta. Mwatate, Bura, Maktau, Mbuyuni, Salaita: kwangu yalikuwa majina ya vituo. Pembeni kuna reli ya zamani, sehemu nyingine nyasi zimeimeza. Baada ya Maktau barabara inakata Tsavo Magharibi na ukibahatika utaona ndovu wekundu kwa vumbi, wamesimama bila haraka yoyote. Mwenzetu mmoja, yule mwenye kamera, alitoa simu dirishani akasema, kwa ile sauti yao, "Wasee, hakuna mtu huku. Amani tupu."

Sikuchukia alichosema. Ilikuwa kweli kwa macho. Nami nilikuwa nimechoka na Nairobi kama yeye.

Lakini mimi nilikuwa na sababu nyingine ya kuitaka njia hii, na sikuwa nimewaambia. Susu yangu, nyanya mzaa mama, anatoka Machakos. Babu yake susu alienda Kariokoo. Ndivyo wanavyosema nyumbani: alienda Kariokoo. Si soko, usichanganye. Kariokoo ni jinsi watu wetu walivyolitamka jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, katika Vita Vikuu vya Kwanza. Alichukuliwa akiwa na mtoto mmoja mdogo, baba yake susu, na hakurudi. Hakuna barua, hakuna tarehe, hakuna mtu aliyekuja kusema. Kilichobaki ni jina lake. Kaka mkubwa wa susu alipewa, maana kwetu mtoto hurithi jina la babu, na sasa analo binamu yangu anayeuza vipuri Kirinyaga Road. Ukiniuliza kaburi la huyo mzee liko wapi, naweza kukupigia namba yake upokelewe.

Sasa, kuhusu Taveta. Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita kuanza Ulaya, jeshi la Wajerumani lilivuka kutoka upande wa Kilimanjaro na kuishika Taveta. Ili kuwatoa, Waingereza walianza mwaka uliofuata kujenga reli kutoka Voi kuelekea mpakani, ndiyo ile iliyomezwa na nyasi. Tarehe 12 Februari 1916 wakapeleka askari wapya kutoka Afrika Kusini kukiteka kilima cha Salaita, kilima kidogo tu, ukikipita kwa kasi hutakiona. Mizinga ikatwanga kilele. Kumbe mahandaki yalikuwa chini, kwenye mguu wa kilima, na waliokaa humo walikuwa wengi wao askari Waafrika chini ya maofisa wa Kijerumani, watu ambao hao wageni walikuwa wameambiwa si wa kuogopwa. Waafrika Kusini zaidi ya 130 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea siku hiyo, na waliobaki wakarudi mbio. Waliowaokoa ni Wabaluchi wa jeshi la India. Inasimuliwa sana kwamba Wabaluchi waliokota bunduki za rashasha zilizotupwa vichakani, wakazirudisha kwa wenyewe pamoja na kijikaratasi: tafadhali, kuanzia leo msituite tena makuli.

Hadithi hiyo tu ingetosha kwa video tatu. Lakini sijaiona hata moja. Ninachokiona kila mara ni mbuyu.

Kuna mbuyu kando ya njia hiyo wenye matundu, na hadithi yake umeshaisikia hata kama hujafika. Mwanamke wa Kijerumani, mumewe ameuawa na Waingereza, anajificha ndani ya mbuyu na kuwalenga askari mmoja baada ya mwingine hadi anapogunduliwa. Matundu yale, wanasema, ni ya risasi. Ni hadithi nzuri, sikatai. Ina mapenzi, kisasi, mti mkubwa na mahali pa kusimama upigwe picha. Kila video ya njia ya Taveta inasimama hapo. Sisi pia tulisimama hapo. Nilipiga picha na kidole ndani ya tundu, kama wengine.

Ubaya wa hadithi hii si kwamba pengine ni ya kutungwa. Hadithi za kutungwa ndizo kazi yetu kwenye kurasa hizi. Ubaya ni kile inachofanya mahali ilipokaa. Vita vyenyewe vilipiganwa na kubebwa na Waafrika kwa makumi ya maelfu, na katika hadithi inayosafiri mbali zaidi kutoka hapo hakuna Mwafrika hata mmoja. Kuna Mjerumani mmoja, Waingereza kadhaa, na mti. Mti ndio mwenyeji pekee.

Juu ya Salaita tulipelekwa na mzee mmoja tuliyempata kwenye njia panda. Alitukaribisha vizuri, "Karibuni wanangu, kilima hakina haraka," akatuonyesha mawe ya mahandaki ambayo peke yetu tungeyapita tukidhani ni mawe tu. Alianza na mbuyu. Nikamuuliza, mzee, na wapagazi je? Waliobeba maji na risasi za watu hawa wote, walikuwa wangapi hapa? Akanitazama kidogo.

"Hao hawaulizwi," akasema. "Watu wakija wanauliza mbuyu."

"Mimi nauliza."

"Basi kaa chini."

Tulikaa karibu saa nzima juani. Aliyoyasema mengi alikuwa ameyapata kwa wazee waliomtangulia, na baadaye niliyakuta vitabuni karibu vilevile. Kwamba farasi na ng'ombe walikufa kwa mbung'o, kwa hivyo jeshi lote lilitembea juu ya vichwa vya watu. Kwamba mtu alibeba kama kilo 25 siku nzima. Kwamba walipewa unga ambao tumbo halikuuzoea na muda wa kuupika vizuri haukuwepo, wakaendesha damu. Waliotoka kwenye baridi ya milimani waliuawa na malaria, na waliotoka kwenye joto waliuawa na nimonia. Risasi ilikuwa ya mwisho kwenye foleni. Mwaka 1917, vita vilipohamia kusini ya Tanganyika, wanaume walikusanywa vijijini kwa nguvu, eneo kwa eneo. Waingereza peke yao, ukijumlisha makoloni yao yote ya upande huu, walitumia wapagazi wanaokaribia milioni moja. Wanahistoria wengi hukadiria waliokufa kuwa karibu 100,000.

Hapo ndipo nilipowaambia wenzangu kuhusu babu yake susu. Mwenye kamera alizima kamera bila kuambiwa. Nilitaka kumwambia aiwashe, lakini sikusema kitu.

Wacha niwe mkweli: pengine mzee wetu hakukanyaga Salaita kabisa. Kama alichukuliwa 1917, basi huenda aliishia Rufiji au mbali zaidi. Nilienda Taveta kwa sababu ndipo gari letu lilipoweza kufika kwa wikendi moja.

Taveta mjini kuna makaburi ya vita. Lango dogo, nyasi zimekatwa, mawe meupe yamepangwa kwa mistari iliyonyooka kama daftari la darasa la kwanza. Wenzangu walienda kutafuta chakula, mimi nikasoma mawe. Jina, cheo, kikosi, tarehe, mara nyingine umri. Vijana wa Afrika Kusini, wengine wadogo kuniliko. Sikuwa na kinyongo nao. Mtoto wa miaka 20 anayefia kwenye miiba ya Salaita mbali na mama yake anastahili jiwe, na anastahili mtu wa kulisoma.

Nilichokuwa nikitafuta ni jiwe la mpagazi. Haina haja ya kukuzungusha.

Na kutokuwepo kwake si bahati mbaya, wala si kwamba daftari zilipotea tu. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, wenyewe wanaotunza yale mawe meupe, ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba ubaguzi ulichangia. Ripoti inataja barua za miaka ya 1920. Watawala wa huku waliona kuweka alama kwenye makaburi ya wapagazi ni kupoteza pesa za umma. Kukawa na pendekezo kwamba makaburi hayo yaachwe yarudi kuwa pori, haraka iwezekanavyo.

Yarudi kuwa pori. Nilipoisoma sentensi hiyo nyumbani, nilifungua simu nikarudi kwenye video ya mwenzetu. Vichaka, ndovu, anga, sauti inasema hakuna mtu huku, amani tupu. Pori lile sina ushahidi kwamba lina kaburi chini yake. Ila sasa najua kwamba ofisini, kwa kalamu, watu walikaa wakakubaliana kwamba mahali fulani pa Afrika Mashariki pawe na ukimya huo. Mandhari pia huandikwa. Hilo ndilo ambalo video zetu hazijawahi kuliwaza: zinauchukulia ukimya kama hali ya hewa.

Kwenye riwaya pia tunaweza kuona tofauti ya anayesema huku na anayesema humu. Mwaka 1982 William Boyd alichapisha An Ice-Cream War, riwaya ya vita hivihivi, ya mashamba ya pande mbili za mpaka huu. Ni riwaya ya kuchekesha na iliyojengwa vizuri, ikafika orodha fupi ya tuzo ya Booker. Nilicheka nayo sana. Lakini Waafrika humo ni kama vile vichaka kwenye video: wapo, wanapita, hatujui wanafikiria nini. Kisha mwaka 2020 Abdulrazak Gurnah akatoa Afterlives. Vita ni vilevile, ila safari hii tunakaa nyumbani, kwenye mji wa pwani, na wale waliobaki. Kijana Ilyas anaenda kupigana upande wa Wajerumani na harudi. Dada yake anakaa miaka na miaka bila habari. Anapozaa mtoto, mtoto anaitwa Ilyas.

Hapo nilikifunga kitabu kwa muda. Nilitoka nje nikampigia binamu yangu wa vipuri bila sababu, akaniuliza kama gari limeharibika.

Simaanishi kwamba kila mtu anayeshika droni awe Gurnah. Video ya dakika moja na nusu haiwezi kubeba hayo yote, na mtu aliyemaliza wiki ya kazi mbaya ana haki ya kutazama ziwa bila kufundishwa. Jumapili asubuhi tulienda Ziwa Chala, ambalo limekaa ndani ya shimo la volkano na mpaka wa Kenya na Tanzania unapita katikati ya maji, na Kilimanjaro ilikuwa wazi, na sikuwaza vita hata kidogo. Nilikaa kwenye mwamba nikala chapati baridi. Video zina haki ya hiyo chapati. Ninachokataa ni huu mtindo wa kufika mahali penye watu na kuwatoa kwenye picha, halafu kutuuzia nafasi waliyoacha kwa jina la amani.

Tena wakati mwingine tatizo ni kinyume chake. Tukirudi tulipanda hadi Wundanyi, maana huko Taita kuna mapango ambayo wenyeji walikuwa wakiweka mafuvu ya wazee wao. Mwaka baada ya mazishi kupita, fuvu hufukuliwa na kupelekwa kukaa na ya wengine wa ukoo. Hayo mafuvu yana video nyingi, zote na muziki wa kutisha. Mama mmoja tuliyemuuliza njia hakutukataza. Alisema tu, "Mnaenda kusalimia au mnaenda kupiga picha?" Tukaangaliana. Tulikuwa tunaenda kupiga picha. Tulinunua maparachichi kwake, tukageuza gari. Mwenye kamera alinuna hadi Mtito Andei, na namwelewa, mafuta ya kupanda ule mlima hayakuwa madogo. Lakini lile swali la yule mama ndilo uhakiki bora wa aina hii ya fasihi niliowahi kusikia, na ulikuwa na maneno machache kuliko huu wangu.

Jumatatu nilishuka mjini kama kawaida. Ukitembea Kenyatta Avenue utapita sanamu tatu za shaba zimesimama juu ya msingi wa mawe. Nimezipita tangu nikiwa fomu wani, nikizitumia kama mahali pa kukutania: nikute kwa zile sanamu. Siku hiyo nilisimama nikasoma. Ni kumbukumbu ya vita hivyo, imekuwa hapo tangu 1928, na mmoja kati ya wale watatu ni mpagazi. Maandishi yapo kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Mwishoni yanatoa ahadi: ukiipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako. Maneno hayo husemwa ni ya Rudyard Kipling.

Nilizunguka ule msingi pande zote. Hakuna jina hata moja.

Kama mtu wa kusoma, lazima niseme ni sentensi ya hatari kwa ujanja wake. Inawaachia watoto kazi ambayo aliyeiandika na waliomlipa walikuwa wamekataa kuifanya. Na watoto, maskini, wakaifanya. Nadhani Machakos nzima imejaa majina ya watu walioenda Kariokoo. Kutoka hapo sanamu zilipo hadi soko la Kariokor, kule ambako kambi ya wapagazi ilikuwa, ni matatu ya dakika chache kama hakuna jam. Tunaenda huko kununua viondo na viatu vya ngozi na kula mbuzi. Dar es Salaam wana Kariakoo yao, asili ya jina ni ileile. Miji miwili mikubwa ya Afrika Mashariki ina soko linaloitwa kwa jina la watu hao, na sisi tunaendesha gari zaidi ya kilomita 400 kutafuta mahali pasipojulikana.

Mwenye kamera alikuja kuniambia ameirekebisha video. Mbuyu ameuacha, ila amemweka yule mzee wa Salaita akisema "Hao hawaulizwi," na chini ameandika namba ya kumtafuta mzee mwenyewe, kwa ruhusa yake, na kiasi cha kumlipa. Muziki ameutoa, unasikia upepo tu. Haijatazamwa sana. Watu wawili wameuliza bei ya chumba.

Mimi nilipeleka picha ya zile sanamu kwa susu, kwenye simu ya mamangu. Mamangu anasema aliivuta kwa vidole hadi uso wa mpagazi ukajaa kioo kizima, akakaa nayo muda mrefu. Kisha akauliza, "Nani huyu?"

Mamangu akamwambia, huyo ni wa wale walioenda Kariokoo.

"Hapana," susu akasema. "Nimeuliza jina."